Fatiha Niliyoiharakisha

Gazi, Alhamisi, baada ya sala ya alasiri

Mwanangu Bakari,

Mama yako yuko jikoni anakukaangia samaki wa njiani, na wewe umekwenda kuwaaga shangazi zako, ambao nawajua, hawatakuachilia mpaka magharibi. Basi nimepata nafasi. Nimekaa hapa barazani na ile kalamu ya wino uliyoniletea, na vidole vyangu tayari vimekuwa vya buluu kama vya mtoto wa chuoni. Kesho alfajiri nitakuombea dua mlangoni kama baba yeyote, lakini haya ninayoyaandika siwezi kuyasema huku nakutazama usoni. Yasome ukishavuka Likoni. Ukiyasoma kabla, nitajua, maana utarudi.

Habari za nguo, za chakula na za chumba sizigusi. Mama yako amekuambia yote, na aliyoyasahau atakukimbilia nayo barabarani. Mimi nina neno moja tu, ingawa unanijua, neno moja langu huwa refu.

Jana ulinisomea ile karatasi waliyokuletea kutoka ghalani unakokwenda kuwa karani wa vibarua. Ulisoma vizuri, kwa sauti, mpaka majirani wakanyamaza kusikiliza. Sheria mpya za kazi za mjini. Kwamba kibarua aliyeandikwa siku baada ya siku hawezi tena kufukuzwa kwa kupungiwa mkono tu, ni lazima apewe notisi. Kwamba ana siku ya kupumzika, na ana likizo yenye mshahara. Kwamba akiumia kazini, tajiri lazima aandike, apeleke habari serikalini, amtibu na amlipe fidia, atake asitake. Ukacheka, ukasema, "Baba, siku hizi tajiri amefungwa mikono!" Mimi nikainuka, nikaenda zangu pwani. Mama yako alidhani ni tumbo. Wewe ulidhani nimekasirika, kwa kuwa nilikuwa nyapara, na nyapara na sheria hawapikiki chungu kimoja. Nilikuona jinsi ulivyonitazama.

Sikukasirika, baba. Niliona haya.

Ulipokuwa mdogo uliwahi kuniuliza kwa nini kila Ijumaa sahani ya kwanza kupakuliwa hapa nyumbani ni ya Mzee Chizondo, yule anayefunga fagio za chelewa pale karibu na kisima. Nilikujibu kwamba ni jirani, mguu wake haumfai, na jirani ana haki yake. Si uongo, lakini nilikujibu hivyo ili uniondokee. Sahani hiyo mmeipeleka miaka yote hii, wewe na dada zako kwa zamu. Sasa fikiri vizuri: umewahi hata siku moja kuniona mimi nikiipeleka?

Chizondo na mimi tulitiwa jando pamoja. Tulilala kumbini kwenye mkeka mmoja, tukalia pamoja, tukadanganya pamoja kwamba hatukulia. Tangu hapo tukawa watani wa kutukanana mbele ya watu na kusaidiana nyuma yao. Yeye akawa mkwezi na mimi, kwa sababu ya yale madarasa yangu manne na Kiingereza changu cha kuombea maji, nikafanywa nyapara katika shamba la minazi la bwana mmoja wa Mombasa, kule upande wa Msambweni. Jina la bwana huyo siliandiki. Amekwisha tangulia mbele ya haki, na wanawe ni watu wazuri.

Nilikuwa na kofia, filimbi na daftari. Wee Bakari, ungeniona! Nilikuwa nikipiga ile filimbi hata pasipo na haja, ili tu watu wageuke. Na Chizondo alikuwa mkwezi hasa. Alipanda mnazi huku anazungumza, akafika juu, akaangua nazi, akashuka, na hadithi yake haijakatika. Nikimtania kwamba atazeeka juu ya mnazi, alikuwa akinijibu kwamba mimi nitazeeka chini yake, nikihesabu.

Sasa, wakwezi wa kwetu wana desturi yao. Mvua ikinyesha usiku, hawapandi asubuhi mpaka jua lipige shina na kulikausha, kwa sababu shina lililolowa huteleza. Desturi hii haikuandikwa na serikali yoyote, lakini kila mkwezi anaijua, na mkewe anaijua, na nyapara pia anaijua.

Asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku, lori la kuchukua nazi likafika mapema. Dereva alikuwa na haraka zake, akawa anapiga honi, na mimi honi ile ilinichoma kana kwamba ananiita kwa jina. Wakwezi walikuwa wamekaa chini na mapanga yao mapajani. Nikamwendea Chizondo, maana nilijua yeye akipanda, wote watapanda.

"Jua bado, Hamisi," akaniambia. "Lisubiri kidogo."

Ningeweza kumwamuru, naye angeweza kukataa. Sikumwamuru. Nilifanya jambo baya zaidi, nilimtania. Nikasema kwa sauti, wote wasikie: "Mkeo Mwanasiti amekukanya usipande leo, eti? Basi nipe hilo panga, nikapande mimi na tumbo langu hili!" Watu wakacheka. Chizondo naye akacheka, akainuka, akajifunga shuka vizuri. Unajua mwenyewe hali ya kwetu: mtani wako wa jando hawezi kukukatalia mbele ya watu, ataonekana amenuna. Akapanda.

Sikuona alivyoanguka. Nilikuwa nimeinama naandika jina lake. Nikasikia kishindo, nikadhani ni kole la nazi.

Nilipomfikia mguu wake ulikuwa umegeukia upande usio wake, tangu nyongani. Nikamwuliza, "Umeumia?" Swali la kipumbavu. Unajua alinijibu nini? "Si neno, Hamisi. Nisaidie niinuke."

Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu hili utalikuta dirishani pako pa ukarani. Watu wengi watakaokuja kuandikwa kwako watakuwa watu wa pwani hii, wa Gazi, wa Mkwiro, wa Kibuyuni, watu waliofunzwa tangu utotoni kwamba kulalamika ni ukosefu wa adabu. Gunia litamwangukia mtu, naye ukimwuliza atasema si neno, haidhuru, alhamdulillahi. Hayo ni maneno mazuri, nayapenda, nami nayasema. Lakini yanamhusu yeye na Mola wake. Wewe ukiwa na kalamu mkononi usiandike "si neno". Muulize mara ya pili, mchukue kando umuulize ya tatu, kisha andika kile unachokiona kwa macho yako.

Tukampeleka hospitali ya Msambweni kwa lori lilelile. Dereva hakupiga honi tena.

Siku ya tatu Bwana wa shamba akaja na gari lake. Nilikuwa nimejitayarisha kutukanwa. Hakunitukana, wala hakunitisha. Aliniketisha kwenye kiti, si chini. Akanimiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe, akaniuliza habari za mama yako na zako wewe, uliyekuwa na miaka sita. Machozi yalimlengalenga alipomtaja Chizondo, na naapa hayakuwa ya kuigiza. Kisha akasema kwa upole: "Hamisi, hili ni jambo la Mungu. Kule Kwale serikalini wana karatasi zao, zikiingia katikati yetu zitatuletea uadui. Sisi ni Waislamu. Wewe ni mtu wa stara, ni ndugu yake. Wende ukatusuluhishe."

Bakari, wengi wanadhani mtu hupotoshwa kwa fimbo. Mimi nilipotoshwa kwa kikombe cha kahawa. Nilijiona mtu mkubwa, mtu wa kupatanisha.

Na karatasi alizozitaja nilikuwa nazijua. Kabla ya ajali ile lilikuwa limeletwa tangazo la serikali, kwa Kiswahili, libandikwe mlangoni pa banda la kukaushia nazi za mbata ili wafanyakazi walione. Lilisema kwamba mtu akiumia kazini ana haki ya kulipwa na tajiri wake, na likaeleza aende wapi na aseme nini. Nililisoma lote. Nikajiambia, nani hapa anajua kusoma isipokuwa mimi? Nikalikunja, nikalitia ndani ya daftari. Halikuwa kubwa kama hiyo karatasi yako ya mjini, lakini lingemtosha Chizondo.

Basi nikasuluhisha. Nyumbani kwake nikapeleka gunia la mchele na mbuzi, zawadi ya Bwana. Hospitali nikaenda na mwalimu wa chuo cha Kurani. Pale mlangoni yule mganga msaidizi alinishika mkono akaninong'oneza kwamba nyonga ile haitarudi, Chizondo hatapanda tena, na mwenyewe bado hajaambiwa. Nikamwitikia kwa kichwa. Nikaingia. Nikakaa kando ya kitanda, nikasema, "Chizondo, Bwana anakuomba radhi. Na mimi nakuomba radhi." Akalia. Akanishika shingo, akasema, "Nimewasameheni, duniani na akhera." Tukainua mikono, mwalimu akasoma Fatiha, tukajipangusa nyuso.

Kwetu jambo likishasomewa Fatiha limezikwa. Anayelifukua ndiye mkosaji, hata kama ndiye aliyeumizwa. Wewe umekulia hapa, huna haja ya kuelezwa. Hiyo ni desturi ya rehema, imezuia damu nyingi kati ya watu, wala siitukani. Lakini mimi niliitumia vibaya. Chizondo hakujua kwamba mguu umekwenda. Hakujua kwamba sheria imempa haki. Nilimwomba msamaha kabla hajajua anasamehe nini, na niliharakisha kwa sababu nilijua.

Haikuishia hapo. Baada ya muda akaja afisa wa kazi, Mzungu kijana aliyeungua pua kwa jua, Kiswahili hajui. Sijui habari ilimfikaje. Tukakaa uani kwa Chizondo, naye amelazwa mkekani, mimi mkalimani. Afisa akauliza kama ana dai lolote. Chizondo akanitazama mimi, si afisa, akasema, "Mwambie sina dai na mtu. Tumekwisha soma Fatiha." Nikatafsiri, "Hana dai." Fatiha sikuitaja. Yule kijana akautazama mguu ule kwa muda, kisha akaniuliza swali la pili: je, mtu huyu anajua sheria inampa nini?

Swali hilo sikulitafsiri. Nililijibu mwenyewe. Nikasema, "Anajua."

Neno moja, Bakari. Kwa Kiingereza changu kile kibovu, na nililitamka vizuri kuliko yote niliyowahi kuyatamka. Afisa akaandika, akaondoka. Chizondo akaniuliza, "Amesemaje?" Nikamwambia, "Amekupa pole."

Yaliyofuata unayajua bila kujua kwamba yana mwanzo. Rama, mwanawe Chizondo, alikuwa mbele yako darasani. Mwalimu wenu aliniambia mwenyewe kwamba mtoto yule ana kichwa kuliko wewe, nami nikaona wivu. Akatolewa shule akaingia mikokoni kukata boriti, kwa sababu nyumba ilihitaji mikono ya mwanamume. Kesho wewe unakwenda Mombasa kushika kalamu, na Rama atakuwa ndani ya tope na shoka lake. Sikuombi umtafutie kazi ili moyo wangu upoe. Akija mwenyewe dirishani pako, mwandike kama unavyowaandika wengine, umsomee karatasi yote kama utakavyowasomea wengine. Hilo tu.

Maana ndilo ninalolitaka kwako, na ndilo neno langu moja. Sheria hizo mpya ni nzuri. Mabwana wengine watazifuata kwa roho safi, wengine watanung'unika, na wapo watakaotafuta mtu mpole, anayependwa na watu, wamkalishe kwenye kiti na kumpa kahawa. Mtu huyo utakuwa wewe, kwa sababu una adabu, umeipata hapa kwetu, nami nilijitahidi kukutia. Siku hiyo kunywa kahawa yao, usiwavunjie heshima. Kisha toka nje ukawasomee watu karatasi. Mtu akishajua haki yake yote, herufi kwa herufi, na bado akataka kusamehe, basi kaeni chini msome Fatiha nanyi mlie pamoja, hakuna jambo zuri zaidi ya hilo. Lakini ianze karatasi.

Najua unajiuliza kwa nini nimekaa kimya miaka yote hii. Mwaka juzi nilimwuliza karani mmoja wa Kwale, nikijifanya ni habari ya mtu mwingine, kama bado kuna njia. Akaniambia muda wa kudai ulikwisha zamani. Nikafarijika, Bakari. Naandika tena: nilifarijika, kwa sababu niliona sasa hakuna faida ya kumwambia.

Jana nilipotoka pwani nilifungua kasha langu, nikalitoa lile tangazo. Bado liko, limekuwa la manjano na mende wamelionja pembeni. Leo asubuhi, wewe ukiwa umelala, nililitia mfukoni nikaenda kwa Chizondo. Hatua zile za kutoka hapa mpaka kisimani sikuwahi kujua ni nyingi hivyo.

Alikuwa amekaa kizingitini anachambua chelewa. "Karibu, Hamisi," akasema. "Leo mvua itanyesha kutoka chini kwenda juu." Hata sasa ananitania.

Nikamwambia nimekuja kumsomea kitu. Akasema, "Soma." Nikasoma mwanzo hadi mwisho. Nikamwambia nililijua tangazo lile kabla hajaanguka. Nikamwambia la mganga pale mlangoni. Nikamwambia la afisa, na lile "anajua". Yeye mikono yake haikusimama, alikuwa anavua jani kwenye ujiti, anaweka ujiti upande huu, jani upande ule. Ndani, Bi Mwanasiti aliacha kutwanga.

"Karatasi hii ilikuwapo siku tuliyosoma Fatiha?" akaniuliza.

"Ilikuwapo."

"Wapi?"

"Ndani ya daftari. Kwapani mwangu."

Hapo mikono yake ikasimama. Kisha akasema, na naandika maneno yake kama alivyoyasema: "Fatiha nilikwisha isoma, Hamisi, siwezi kuirudisha, si mali yangu. Bwana nimemsamehe. Mnazi nimeusamehe. Na kule kunitania kwako nimekusamehe, maana nami nilicheka. Lakini hili la 'anajua' sikulisomea, kwa sababu sikulijua."

Nikaanza kusema, nakuomba ndugu yangu. Akaniinulia mkono wenye chelewa.

"Usiniombe leo. Mara ile uliniharakisha. Safari hii niache."

Nikainuka. Nilikuwa nimekwisha fika kisimani aliponiita kwa sauti, mpaka wanawake waliokuwa wakiteka maji wakageuka. "Hamisi! Na hiyo sahani ya Ijumaa, usiniletee tena kwa mikono ya watoto. Kama ni chakula, kilete mwenyewe, ukae tule."

Basi mwanangu, ndivyo mambo yalivyo. Nasikia sauti yako huko njiani, shangazi zako wamekuachilia mapema kuliko nilivyodhani. Nitaikunja barua hii niitie katikati ya mashati yako, mama yako asiione kwanza. Mwenyezi Mungu akulinde na mambo mawili: kuwa kama nilivyokuwa nilipokuwa na daftari, na kungoja kwa muda mrefu kama nilivyongoja.

Kesho ni Ijumaa. Saa utakapokuwa unatafuta chumba chako huko mjini, mimi nitakuwa nimetoka msikitini. Nimekwisha mwambia mama yako kwamba ile sahani ya kwanza apakue ya watu wawili. Ameniuliza ni nani ataibeba, nami nimemjibu. Sijui Chizondo ataniambia nini tukishanawa mikono, wala sitamuuliza. Nitakula polepole.

Baba yako,
Hamisi